Mwanasiti na Zimwi la Kilima cha Chokaa

Kaeni vizuri, nina kisa.
Tumekaa, tupe!

Palikuwa na mvunja mawe aitwaye Mwanasiti. Birika la kuhifadhia maji ya mji wao lilipasuka, watu wakakosa maji, naye akachukua nyundo akaenda kwenye kilima cha Zimwi kutafuta jiwe la chokaa. Wanaume wawili walimtangulia. Wote wawili Zimwi liliwageuza mawe.

Akagonga mara ya kwanza, kilima kikanguruma. Akagonga mara ya pili, kikatikisika. Akagonga mara ya tatu, Zimwi likatoka.

"Nani anayenibomolea nyumba?"

"Ni mimi, babu. Nataka chokaa nizibe birika letu."

Zimwi likamwekea mawe matatu, yote meupe. "Moja tu ndilo la chokaa. Chagua. Ukikosea, utakuwa jiwe kama wenzako."

Mwanasiti akatoa ndimu, akayakamulia. La kwanza kimya. La pili kimya. La tatu likatoa povu.

"Ni hili! Jiwe la chokaa likipata ndimu hutoa povu."

Akajenga tanuri papo hapo, akalichoma siku tatu, kisha akalimwagia maji. Jiwe likachemka bila moto, likawa uji mweupe. Zimwi likarudi nyuma.

"Miaka yote nakilalia kitu hiki, kumbe sijui nguvu zake! Mwanangu, mchawi ni wewe."

Likawarudisha wale wanaume wawili wakawa watu tena, likavunja mawe ya chokaa kwa ngumi, Mwanasiti akayachoma, mpaka birika likazibwa na maji yakakaa. Kwa ujira likaomba ndoo moja tu ya chokaa. Likapaka pango lake lote, likakaa nje kulitazama, na nilipoondoka kuja kuwasimulia lilikuwa bado linacheka peke yake kama bwana harusi.