Nani Aachiwe Bahari ya Bi Mize?

Haya, sogeeni karibu, na mwenye kukohoa akohoe sasa. Kisa nilichokuja nacho leo hakina simba wala sultani. Kina samaki wawili na watu watatu, na mimi mwenyewe kimenishinda kukikata. Ndiyo maana nimekuja nacho kwenu.

Watu hao watatu waliishi Iringa, mtaa mmoja, na kila mmoja alikuwa na kitu alichojaliwa.

Wa kwanza ni Atupele, fundi cherehani. Huyu alijaliwa macho. Ukipita mbele ya kibanda chake na shati lililofumuka uzi mmoja kwapani, atakuita kabla hujafika. Watu walisema Atupele akimwagiwa chumvi ndani ya sukari ataichambua.

Wa pili ni Lutengano, bwana mifugo. Huyu alijaliwa kujua. Hakuwa amesoma kuliko wenzake, ila hakuwa mtu wa kuridhika na jibu la kwanza. Ng'ombe akikonda, wengine humtazama ng'ombe. Lutengano alimtazama ng'ombe, akatazama zizi, akatazama majani, kisha akauliza: "Na jana alilala wapi?"

Wa tatu ni Sanga, dereva wa lori la vitunguu, mtu mzima mwenye mabega mapana. Huyu alijaliwa kufika. Kwa miaka yote aliyoshika usukani, haijasikika kwamba mzigo umemshinda Sanga njiani. Akisema Jumanne, ni Jumanne.

Sasa, palikuwa na nyumba moja ambayo wote watatu walipenda kuipitia, nyumba ya Bi Mize.

Bi Mize ni Mpemba wa Wete. Aliolewa na Mwalimu Chengula, akaletwa Iringa, kwenye milima na baridi, mahali ambapo watu wengi bahari wanaisikia tu. Mwaka wa kwanza alilia. Mwaka wa pili hakulia tena, alinyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikomtisha mumewe. Basi Mwalimu Chengula akamjengea bahari sebuleni. Alitengeneza tangi la vioo refu kama kitanda, akatandaza mchanga mweupe, akapanga mawe ya baharini, akaweka taa, pampu na chombo cha kupasha maji joto. Sanga, rafiki yake, akawa anamletea maji ya chumvi kwa madumu kila mwezi kutoka Dar es Salaam. Humo ndani wakawekwa samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Bi Mize akawapa majina ya kwao: jike, ambaye ndiye mkubwa, akamwita Kojani, dume akamwita Ngezi.

Nawaambieni, niliwaona watu wazima wakisimama mbele ya kioo kile na kuvua kofia.

Mwalimu Chengula alifariki, samaki wakabaki. Ikapita miaka sita. Sikukuu ya Idi iliyofuata, Sanga akarudi kutoka Dar es Salaam na zawadi ndani ya mfuko wa maji: samaki mdogo wa buluu, mzuri kama kito. "Shemeji, nimeona wawili wamezoeana mno," alisema. Bi Mize akacheka, akamtia tangini siku ileile.

Wiki mbili baadaye Atupele alikuja kurudisha gauni alilolipunguza. Hata kulikabidhi hakulikabidhi.

"Bibi, Kojani ana chumvi mgongoni."

Bi Mize akavaa miwani. "Ni mapovu, mwanangu."

"Mapovu hupanda juu. Haya hayapandi." Akasogeza uso hadi pua ikagusa kioo. "Chembe ziko tatu. Mbili mgongoni, moja kwenye pezi. Na Ngezi anayo moja. Na yule wa buluu ndiye mwenye nyingi."

Wakati huohuo Kojani akapinda ubavu, akajikwaruza kwenye jiwe, kama mtu mwenye upele anavyojikuna kwenye mlango.

Siku ya tatu chembe zote zikawa zimetoweka. Bi Mize akamshukuru Mungu, akawapelekea majirani maandazi. Lakini Atupele alikuja, akatazama, hakula. "Bibi, wanapumua haraka kuliko juzi. Mimi simwamini mgonjwa anayepona bila kulala. Namwita Lutengano."

Kulipokucha yule wa buluu alikuwa amekufa, mwili bado mbichi. Lutengano alikuja na hadubini ya kazini kwake, akaiweka juu ya meza ya chakula, akakwangua kidogo ndani ya shavu la yule samaki, akatazama. Akatazama tena. Kisha akaondoka kwenye kiti, akasema kwa sauti ya chini, "Bi Mize, njoo uone."

Bi Mize aliinama. Ndani ya duara la mwanga aliona kitu kama mwezi, kimeota vinyweleo mwili mzima, kinazunguka polepole, polepole, bila kuchoka, kama kilikuwa peke yake duniani.

"Subhanallah," alisema. "Na hiki nacho kina uhai wake."

"Kina uhai, na kina akili ya kutisha," alijibu Lutengano. "Hiki ni kimelea, kimeingia na huyu mgeni wa buluu. Mnawajua kupe? Kupe akishiba damu hudondoka. Mfugaji hufurahi kwamba ng'ombe amepona, kumbe kupe yuko majanini anataga. Zile chembe hazikupona. Zilishiba. Sasa ziko mchangani, kila moja imejifunga kama yai, na ikipasuka watatoka wadudu mamia kutafuta samaki. Wakikosa samaki, watakufa. Wakimpata, hao watakaokuja hawahesabiki."

"Nitie dawa gani?"

"Ya kuua samaki ninayo. Ya kuua hiki na kuacha mawe na mchanga wako hai, sina. Tutakiacha kife njaa." Akachukua kalamu. "Leo ni Jumatatu, saa nane mchana. Tunawatoa samaki wote wawili, tunawatia kwenye ndoo ya maji ya bahari safi. Chembe zilizomo miilini mwao zitadondoka humo. Kabla hazijapasuka, baada ya siku tatu, saa hiihii, tunawahamisha ndoo nyingine safi, ile ya kwanza tunaisugua na kuianika juani. Siku tatu tena, ndoo nyingine. Mara nne. Tukichelewa mara moja, tumeanza upya. Na tangi likae bila samaki siku sabini na sita."

"Sabini na sita!"

"Hata moja isipungue."

Bi Mize akaketi. Ndipo alipowaeleza jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Dada yake kule Wete alikuwa mgonjwa na yuko peke yake, naye Bi Mize alikwisha kata shauri la kurudi kwao moja kwa moja. Samaki hawa hawangeistahimili safari ya mabasi na meli. "Nilikuwa natafuta wa kumwachia," alisema. "Sasa nasema mbele ya Mungu: atakayewaponya ndiye atakayekaa na bahari ya Chengula."

Maji ya akiba yalitosha ndoo mbili tu, ya Jumatatu na ya Alhamisi. Ya Jumapili hayakuwepo. Sanga alisimama mlangoni, alikuwa amesikia yote, na hasa lile alilolisema Lutengano kwamba ugonjwa uliingia na mgeni. Alimtazama yule samaki wa buluu juu ya sahani.

"Shemeji, ni mimi," alisema.

"Zawadi haina kosa, Sanga."

"Jumapili, kabla ya saa nane," akasema. Akatoka.

Alishusha vitunguu Dar es Salaam, akachota maji mbali na mji, kwenye mkondo safi, madumu manane. Mvua ilikuwa inanyesha nchi nzima. Jumapili alfajiri alipofika mlimani Kitonga alikuta kipande cha mlima kimeshuka barabarani. Malori yamesimama foleni upande huu na upande ule, matope katikati kufika magotini, mapana kama nusu kilomita. Madereva wenzake walikuwa wamekoka moto wanapika chai.

"Kaa, Sanga, kesho watafungua," walimwambia.

Sanga alivua viatu. Alibeba dumu la kwanza begani, akavuka, akaliweka chini kwa upole kama mtoto aliyelala. Akarudi. Akabeba la pili. Mwanamke mmoja aliyekuwa amekwama na basi akamuuliza, "Baba, hayo ni mafuta?" Akajibu, "Ni bahari, mama. Napeleka bahari Iringa." Watu wakaacha kunywa chai wakawa wanamtazama. Safari nane kwenda, saba kurudi. Dumu la sita aliteleza akaanguka magoti, lakini mkono ulioshika dumu haukushuka. Ng'ambo ya pili akapata gari dogo lililokuwa linageuza kurudi mjini.

Huku Iringa, Lutengano alikaa ameshika saa na Atupele alikaa ameshika upawa wa kuhamishia samaki. Atupele alikuwa ameona chembe mbili zikidondoka, akasema, "Ziko chini ndani ya ndoo, naziona." Hakuna mwingine aliyeziona. Saa nane kasorobo, Sanga alisukuma mlango kwa bega, matope hadi kifuani. Alifungua dumu, na harufu ya bahari ikajaa nyumba nzima. Bi Mize alitia mkono ndani ya maji yale, akaupeleka midomoni, akalia kimya kimya.

Samaki walihamishwa. Wakahamishwa tena Jumatano. Jumamosi wakatiwa kwenye pipa kubwa lililooshwa, na Atupele akawatazama mpaka shingo ikamuuma, akasema, "Hakuna hata moja."

Kisha wakasubiri. Siku sabini na sita, tangi likiwaka taa na kutembeza maji bila samaki hata mmoja. Wageni waliuliza kwa nini mama wa watu anapangusa kioo cha maji matupu. Siku ya hamsini Bi Mize alitaka kuwarudisha. Lutengano akakataa, na Bi Mize alimnunia siku mbili. Siku ya sabini na saba Kojani na Ngezi wakarudi kwao.

Wiki chache baadaye Atupele alikuja asubuhi, akatazama, akashika mdomo. Juu ya jiwe, chini ya kivuli, palikuwa na kitu kama kipande cha kitambaa chekundu: mayai, mamia, yamebanana, na ndani ya kila yai vijicho viwili vya fedha. Ngezi alikuwa akiyapepea kwa mapezi yake, bila kuondoka. Hawakuwahi kutaga hata siku moja tangu wafike nchi hii. Bi Mize, Lutengano, Sanga na Atupele walisimama bega kwa bega wakiyatazama.

Wa kwanza kuzungumza alikuwa Atupele.

"Bibi, unakumbuka ulichosema."

"Nakumbuka."

"Bila macho yangu, mngeita mapovu mpaka wafe. Ugonjwa usioonekana hautibiwi."

"Uliuona ukaishia kuuona," alisema Lutengano. "Bila mimi mngefurahia chembe zimetoweka. Maandazi yalikwisha gawiwa!"

Sanga akawanyoshea kidole mmoja mmoja. "Huyu aliona, na huyu alijua," alisema. "Jumapili ile macho na elimu vilikuwa vimekaa hapa vinatazama ndoo isiyo na maji."

Mtaa mzima ukagawanyika. Wapo waliosema kuona si kazi, Mungu ndiye aliyempa Atupele macho, yeye kayafungua tu. Wengine wakasema Lutengano alifanya lile analolifanya kila siku, tena hakulowa hata mguu. Na wapo waliosema Sanga alikuwa anafuta kosa lake mwenyewe, kwa kuwa yule wa buluu alikuja mkononi mwake. Lakini wengine wakajibu: macho ni ya wengi, mbona wageni wote walitazama tangi lile na hawakuona? Elimu ni ya wengi, mbona hakuna aliyethubutu kusema siku sabini na sita? Na wenye makosa ni wengi, ni wangapi wamewahi kubeba bahari begani kuvuka mlima ulioanguka?

Tangi haligawanyiki. Kojani hatengani na Ngezi, na mayai hayangojei baraza. Bi Mize amekwisha funga mizigo yake, basi linaondoka Ijumaa asubuhi, na mbele yake wamekaa watu watatu anaowapenda sawasawa, kila mmoja akisubiri ataje jina.

Mimi nimekwisha sema yangu. Msiniulize alimtaja nani. Tuseme wewe ndiye Bi Mize, na uliapa mbele ya Mungu kwamba aliyewaponya ndiye atakayekaa na bahari ile.

Je, wewe ungemwachia nani?