Shahidi wa Chungu cha Bi Rumaisa

Wamepokezana wapokezi, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba palikuwa na mtu katika mji wa Zabidi, nchi ya Yemeni, aliyeitwa Thabiti bin Harbi. Kazi yake ilikuwa kutoa ushahidi. Zama zile kadhi alikuwa na watu wake waadilifu waliokaa naye barazani, wakishuhudia ndoa, mauzo na wasia, na Thabiti alikuwa wa mbele kati yao. Akisema "nimeona", hakuna aliyeuliza mara ya pili.

Na alikuwa mcha Mungu kwelikweli, sisemi kwa kejeli. Ila alikuwa na jambo lake. Aliona kwamba ulimi umeumbwa kwa ajili ya dhikri, na kwamba mtu akishughulika na utamu wa chakula ameikabidhi nafsi hatamu. Kwa hiyo alikula huku akili yake iko kwenye tasbihi, akimeza matonge kama mtu anayekunywa dawa, na kahawa akiimaliza kwa mafunda mawili ingali moto. Akimaliza husema, "Alhamdulillahi, chakula kitamu." Kila siku maneno yale yale, uwe mkate mkavu, iwe nyama ya kuchoma. Msimcheke haraka. Tuko wengi wa namna hiyo.

Mkewe, Bi Rumaisa, alikuwa mpishi wa kutajika. Kila Ijumaa alipika chungu cha bokoboko, ngano iliyopondwa ikalainika pamoja na nyama, na chungu kikapelekwa uani msikitini wapate kula maskini na wasafiri baada ya Sala. Hiyo ndiyo ilikuwa sadaka yake, na ndiyo furaha yake. Binti zao walikwisha kuolewa miji ya mbali, na nyumbani walibaki wawili.

Mwaka mmoja Bi Rumaisa alishikwa na homa kali. Mola akamponya, akainuka kitandani, lakini ladha haikurudi. Asali na maji kwake vikawa kitu kimoja. Alilia siku nzima, kisha akajifuta machozi akamwendea mumewe.

"Bwana, sitaki mtu ajue," alimwambia. "Wakijua watanihurumia, na wakinihurumia watanipokonya chungu changu. Wewe utakuwa ulimi wangu. Nikikuuliza chumvi, niambie kweli."

"Inshallah, mke wangu," akasema Thabiti, vidole vikiwa kwenye tasbihi.

Ikawa kila akipika humletea kibakuli. "Chumvi imekolea?" "Alhamdulillahi, imekolea." Na kwa kuwa mkono wa mpishi wa siku nyingi una kumbukumbu yake, mambo yalikwenda.

Hata Ijumaa moja Bi Rumaisa alitia chumvi asubuhi pamoja na ngano. Akaja jirani kumjulia hali, mazungumzo yakanoga, na jirani alipoondoka akasahau kwamba ameshatia, akatia tena. Akachota kibakuli akampelekea mumewe, ambaye alikuwa akijitayarisha kwenda msikitini. Thabiti akameza. Koo likamwasha, akadhani ni kiu, akanywa maji.

"Chumvi imekolea, bwana?"

"Alhamdulillahi, imekolea. Chakula kitamu."

Baada ya Sala chungu kilifunuliwa uani. Msafiri wa kwanza akatia tonge kinywani, akasita, akamtazama mwenziwe. Wa pili akatema pembeni. Mzee mmoja aliyekuwa na njaa alijikaza akameza, kisha akaisukuma sahani taratibu. Ndipo Jabala muuza ngozi akapaza sauti.

"Kilichowashinda kwao ndicho wanachotuletea sisi," alisema. "Bibi huyu anamkopesha Mungu chumvi."

Watu wakaguna. Na neno kama lile, likishatoka msikitini, halichelewi kufika jikoni kwa kila mtu. Jina la Bi Rumaisa lilikuwa linakwenda na maji.

Thabiti akachota tonge. Safari hii alionja. Ulimi ukamwaka hata machozi yakamlenga, na papo hapo akajua alichokifanya. Mlango wa kutokea aliuona: angesema mkewe hana ladha tangu homa, na watu wangemsamehe. Lakini siri ile haikuwa yake. Au angenyamaza tu, yeye abaki mwadilifu, na lawama ipande juu ya mwanamke aliyemwamini. Miaka mingapi alikuwa amekaa barazani akiwaonya watu wasishuhudie wasilolijua? Akainuka.

"Ndugu zangu, mpishi msimguse," alisema. "Chungu hiki kilikuwa na shahidi, na shahidi ni mimi. Niliulizwa chumvi kabla hakijatoka nyumbani, nikajibu imekolea. Na sikuwa nimeonja. Nilimeza tu."

Kadhi Mufadhali, aliyekuwa ameketi nao, akamgeukia.

"Uliulizwa, Thabiti, ukajibu usilolijua?"

"Naam. Nilijikinga na adabu ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kwamba hakuwahi kukitia ila chakula."

"Hakukitia ila, ni kweli. Wala hakusema asilolijua," akasema kadhi, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Ushahidi wako nimeusimamisha. Aliyekuuliza ndiye atakayekuja kuniambia lini nikurudishe."

Thabiti akarudi nyumbani, akamweleza mkewe yote bila kuficha. Alingoja aulizwe habari ya aibu, na ya Jabala. Bi Rumaisa hakuuliza hayo.

"Bwana, tumeoana tangu ujana wetu," alisema. "Miaka yote hii ulikuwa ukila nini kwangu?"

"Sijui," akajibu Thabiti, na hilo ndilo lilikuwa neno la kweli la kwanza alilompa katika jambo lile. Akalia. Bi Rumaisa naye akalia, kisha akainuka akateleka kahawa, maana maji yaliyomwagika hayazoleki.

Akammiminia finjani, akaketi mbele yake. "Haya, niambie."

Thabiti akapiga bismillahi, akanywa kidogo, akaizungusha kahawa juu ya ulimi. "Inaanza na uchungu," alisema. "Halafu tangawizi inakuja kwa nyuma, inakwaruza koo. Kisha kuna iliki. Hiyo haiondoki, imebaki hapa chini ya ulimi."

Bi Rumaisa alikuwa amefumba macho. "Iliki ile alituletea binti yetu mkubwa," alisema. "Endelea."

Aliendelea mpaka finjani ikapoa mkononi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Na ile alhamdulillahi ya mwisho aliitoa polepole, kwa kuwa mara hii alijua anashukuru nini.

Ijumaa iliyofuata alionja chungu mara tatu, na Jabala, Mungu amsamehe, alirudisha sahani aongezwe. Siku zikapita. Mchana mmoja Thabiti akaonja mchuzi, akatafakari, akasema kwa hofu kidogo, "Leo chumvi imepungua, mke wangu." Bi Rumaisa akaweka upawa chini, akacheka hata ikambidi akae. Kisha akajifunika ushungi akaenda mwenyewe barazani.

"Kadhi, mrudishe," alisema. "Leo ameniambia mchuzi wangu haukukolea."

Wapokezi wanasema ladha haikumrudia Bi Rumaisa mpaka alipofishwa, Mola amrehemu. Binti yake alimuuliza uzeeni kama haoni uchungu kwa neema iliyomtoka. Akajibu, "Zamani nilipokuwa na ulimi nilikula peke yangu. Sasa tunakula wawili."

Nasi, ndugu zangu, alhamdulillahi ngapi tumezitoa kwa matonge tusiyoyakumbuka? Mola hana haja na chumvi yetu. Sisi ndio tunaopitwa. Kahawa yako hiyo hapo, inapoa. Piga bismillahi, uionje.