Karata Tano Zilizofunikwa

Hakuna apendaye kushindwa. Wahenga walilijua hilo walipotuonya kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, nasi tumezoea kumtupia maneno hayo mtoto anayenuna akifungwa mpira. Tunasahau kwamba wapo watu wazima wanaokataa kushindwa kwa niaba ya wenzao, tena kwa nia njema.

Fundi cherehani mmoja alikuwa akicheza karata za poka sebuleni kwake kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Wenzake walikuwa wawili: shemeji yake, dereva wa lori, na kinyozi aliyepakana naye kazini. Hawakuchezea fedha. Walichezea vifungo vya mashati, kila mtu thelathini, na aliyefilisika alitaniwa mpaka masikio yakamuwaka. Kwa miaka tisa aliyetaniwa zaidi alikuwa fundi, kwa kuwa uso wake haukujua kuficha siri.

Kisha mkewe akafariki dunia. Miezi minne ikapita, na katika miezi hiyo fundi hakushindwa hata Jumapili moja. Mwanzoni alidhani bahati imemwonea imani. Siku moja, akikusanya karata azichanganye, aliziona zile alizotupa shemeji yake: wafalme watatu, karata za kushinda. Yeye alikuwa ameshinda kwa jozi tu ya karata za nne.

Alihisi uchovu tu, uleule aliolala nao na kuamka nao. Hata dukani, mteja aliyeshonewa suruali yenye mguu mmoja mfupi alisema haina neno, akalipa, akaondoka. Kila mtu alimbeba kama yai. Fundi akaona kwamba kama hata hawa wawili hawawezi kucheza naye kama mtu mzima, heri mchezo wenyewe ufe.

Jumapili iliyofuata kinyozi aligawa karata. Fundi aliziacha zake tano kifudifudi mezani, akasukuma vifungo vyote katikati.

"Naweka vyote."

Dereva alizitazama karata zake, akashusha pumzi. "Natupa. Leo mkono wako umejaa."

"Na mimi natupa," alisema kinyozi. "Huyu hashikiki."

"Umejaa nini?" aliuliza fundi. "Sijazitazama hata moja."

Hawakuwa wameona, maana walikwisha kuacha kumtazama akicheza. Akazifunua moja moja: hakukuwa na jozi, hakukuwa na chochote. Kinyozi akainamisha kichwa.

"Tuliona umepigwa vya kutosha, shemeji," dereva alisema polepole. "Hatukutaka kukuongezea."

"Nimepigwa, ndiyo. Dada yako alikuwa anakufa nami nikashindwa kumzuia. Hilo nimelikubali. Wewe ndiye hujalikubali, ndiyo maana unakuja hapa kila Jumapili kuniachia nishinde."

Dereva alijipangusa uso kwa viganja. "Aliniambia nikuangalie."

"Basi niangalie. Niangalie usoni kama zamani, unisome, unile vifungo vyangu. Nimechoka kutunzwa, bwana. Kama hamwezi, Jumapili ijayo kaeni kwenu."

Kinyozi alizichanganya karata kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akagawa. Safari hii fundi alizitazama. Hazikuwa na maana, lakini alikaza uso na kuongeza dau, akaongeza tena mpaka akaweka vyote, na kinyozi akatupa zake. Dereva alimkazia macho shemeji yake, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Huna kitu wewe," alisema. "Fungua."

Fundi akafungua. Dereva akaweka mezani karata tatu za kumi, akavikumba vifungo vyote kwa mkono mmoja.

"Uso huo, shemeji, hata kipofu anausoma."

Fundi alicheka. Kisha machozi ambayo hakuyatoa hata siku ya mazishi yakamtoka mbele yao. Dereva naye alilia, akiwa amevikumbatia vifungo vyake. Hakuna aliyesema pole, na hakuna kifungo hata kimoja kilichorudishwa. Walipotulia, kinyozi alipiga karata mezani kuzisawazisha.

"Umefilisika, fundi. Unatoka mezani au unaomba vingine?"

"Naomba vingine," alisema fundi, akijifuta pua kwa mkono wa shati. "Gawa."

Kweli, asiyekubali kushindwa si mshindani.