Mzee Aliyemsalimia Mwizi wa Kadi Mara Tatu

Nyote mliomo humu kundini, pumzikeni kidogo kutumiana picha za maua, msome hii mpaka mstari wa mwisho. Nimeisimulia kwenye harusi mbili na mnada mmoja wa ng'ombe, na pale mnadani dalali mwenyewe aliweka kipaza sauti chini akasikiliza. Mimi niliishia darasa la saba, lakini kwa kusimulia sijaona wa kunishinda kuanzia Maswa mpaka Bariadi.

Baba mkwe wangu anaitwa Mzee Lushinge. Ni mfugaji. Mwaka juzi mke wake, Bibi Nyanzobe, aliteleza kisimani, nyonga ikavunjika. Mama aliyekuwa akilima ekari nzima kabla ninyi hamjatafuta viatu, akawa wa kukaa mlangoni kwenye ngozi, wajukuu wanambeba hata kwenda msalani. Alikuwa halalamiki. Hilo ndilo lilimuumiza Mzee zaidi.

Daktari wa Mwanza akasema nyonga ya chuma inawekwa, na mama atatembea. Gharama yake milioni tisa.

Mzee akauza ng'ombe kumi na mmoja. Walipokuwa wanapandishwa kwenye lori aliwaaga mmoja mmoja kwa jina, kisha akanawa uso, akasema haya, twendeni benki. Benki ilikuwa shauri langu, nisijisifu sana. Kusafiri na mamilioni kwenye kiroba ni kuwaalika majambazi chakula cha mchana. Akafunguliwa akaunti, akapewa kadi, tukaambiwa hospitali tutalipa kwa kadi hiyo hiyo. Bibi angepasuliwa Alhamisi.

Jumamosi ya kabla yake, saa nne asubuhi, tumekaa uani, simu ya Mzee ikaita. Ni kitochi, ile ya vitufe, na sauti yake inasikika mpaka zizini.

"Habari mzee. Naongea kutoka makao makuu ya benki. Kadi yako inafungwa leo saa sita. Nitajie namba zake tuihuishe."

Mzee akajiweka sawa kwenye kigoda. "Kijana, kwanza tusalimiane."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama. Sasa zile namba..."

"Na wa nyumbani?"

"Wazima."

"Nyumbani ni wapi?"

"Makao makuu."

"Hapo ni kazini. Nauliza kwenu."

"Tabora."

"Tabora mvua imenyesha?"

"Imenyesha."

"Ashukuriwe Mungu. Mama yupo?"

"Yupo."

"Anaitwa nani?"

"Helena."

"Msalimie sana Mama Helena. Mwambie Lushinge wa Maswa anamsalimu. Haya, sema shida yako."

Msicheke. Kwetu salamu si mlango wa kugonga mara moja ukaingia ndani. Mzee wa Kisukuma hazungumzi jambo na wewe mpaka ajue umetoka kwa nani. Na simu ikikatika ikapigwa tena, salamu zinaanza upya, kwa sababu hujui huko katikati kimetokea nini. Huenda mtu amefiwa.

Yule kijana akaomba namba za kadi. Macho ya Mzee hayasomi vitu vidogo, kwa hiyo nikaisoma mimi, kwa sauti ya mtangazaji wa redio: kumi na sita za mbele, tatu za nyuma. Sikuruka hata moja.

"Vizuri," akasema kijana. "Sasa unaingia ujumbe wenye namba sita. Nisomeeni haraka, namba hiyo inaishi dakika tatu tu."

Ujumbe ukaingia kweli. Mzee akaitoa simu sikioni ili atazame kioo, akabonyeza kitufe alichokiona kikubwa kuliko vyote. Kile chekundu. Simu ikakatika.

"Ameenda wapi kijana wa watu?" akauliza.

"Atapiga, baba," nikamwambia. Nikachukua kitochi, nikafungua ujumbe, nikazinakili namba sita kwenye kiganja changu kwa kalamu. Nikakaa tayari.

Simu ikaita.

"Mzee, imekatika. Nipe namba."

"Imekatika kweli. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, mzee."

"Mlipokatika mlikuwa salama?"

"Salama kabisa. Namba, mzee."

"Na wa nyumbani, kule Tabora?"

Mimi nipo pembeni, nimenyoosha kiganja kama mtu anayeomba maji. Nilitamani kupiga kelele. Lakini mkwe hamkatishi baba mkwe katikati ya salamu. Afadhali umkatishe mchungaji ameshamwinamisha mtoto kwenye maji ya ubatizo.

Walipotoka Tabora walikwenda kwenye malisho, kutoka malisho wakaingia kwa wazazi, wakarudi kwenye bei ya pumba. Nilipopewa nafasi na kuzisoma zile sita, kijana akashusha pumzi.

"Zimekufa hizo. Nawatumia nyingine. Safari hii mzee asikate simu."

Akazituma. Mzee akaitoa simu sikioni atazame. Mnajua alibonyeza wapi.

Namba za pili nikaziandika mkono mwingine. Simu ikaita, salamu zikaanza, namba zikafa mkononi kwangu nikiziangalia. Akatuma za tatu. Kitufe chekundu. Simu ikaita tena, na sasa sauti ya yule kijana ilikuwa imepauka.

"Mzee, nakuomba."

"Kijana wangu. Wa nyumbani hawajambo?"

"Mzee, mimi sikupiga simu kusalimiana na ng'ombe zako. Nipe namba, mshamba wee."

Hata Bibi Nyanzobe, pale kwenye ngozi yake, aligeuza shingo.

Mzee hakupandisha sauti. Akanipa simu. "Mkwe, zima."

"Baba," nikasema, "ni mtu wa benki, ana haraka tu. Saa sita kadi inafungwa. Hospitali tutalipa na nini?"

"Ifungwe. Jumatatu tutakwenda kwa miguu yetu, wafungue hao wanaojua mama zao."

"Mama zao kivipi, baba?"

"Mara ya kwanza mama yake alikuwa Helena. Mara ya pili akawa Rehema. Mtu anaweza kusahau namba ya kadi, mkwe. Lakini mama yake?"

Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo muda wote, na masikio yangu ni mazima, na hayo majina mawili sikuyasikia. Nilikuwa nasikiliza namba.

Jumatatu tukawa wa kwanza kwenye mlango wa benki. Dada wa dirishani akaipokea kadi, akabonyeza kompyuta yake, akakunja uso.

"Mzee, kadi hii imefungwa na mtambo. Jumamosi kuna mtu alijaribu kununua vitu mara tatu kwa namba zake. Kila mara ile namba ya ujumbe ilichelewa."

Mzee akashika ukingo wa dirisha. "Na fedha?"

"Zipo zote. Hata senti haijatoka."

Nilimwona Mzee akitikisa kichwa polepole, midomo inacheza bila sauti. Nadhani alikuwa anawaambia wale ng'ombe kumi na mmoja kwamba hawakwenda bure.

Yule dada, Mungu amzidishie, akatufundisha pale pale bila kutucheka. Benki haipigi simu kuuliza namba za kadi, wala zile tatu za nyuma, wala ya ujumbe. "Hata mimi niliyekaa hapa sizijui," akasema, "na sitaki unitajie. Akikupigia mtu, kata, uje hapa au upige namba iliyoandikwa nyuma ya kadi." Akamtolea Mzee kadi mpya siku hiyo hiyo.

Sasa ndugu zangu, hapa ndipo huwa nanywa maji kidogo kabla sijaendelea.

Nikatoa na kadi yangu mwenyewe. Nikamwambia yule dada, angalia na hii, kwa kujiridhisha tu. Ilikuwa na milioni moja na laki mbili, fedha yangu ya pamba. Akaangalia. Akaniangalia mimi. Akaangalia tena.

"Kaka, humu kuna shilingi elfu nne."

Nimeficha jambo tangu mwanzo wa hadithi, na nimelificha vizuri, nikiri. Yule kijana alinipigia mimi kwanza. Jumamosi ile ile, saa mbili asubuhi. Akasema benki, nikasema ndiyo mkuu. Akasema namba, nikampa. Akasema ujumbe, nikausoma kabla hajamaliza sentensi, ili ajue anaongea na mtu wa mjini. Haikufika dakika mbili. Akaniambia nizime simu mpaka Jumatatu ili kadi itulie. Nikazima. Akauliza, una ndugu mwingine mwenye kadi yetu tumsaidie? Nikasema yupo baba mkwe, ana fedha kunizidi mimi. Nikamtajia namba ya simu ya Mzee, kisha nikapanda baiskeli kwenda kumsaidia kusoma.

Yote hayo nikayasema pale dirishani, mbele ya watu wa foleni. Nilitegemea Mzee anilaani. Binti yake ninaye ndani, ng'ombe zake ningezimaliza kwa mdomo wangu kama si kitufe chekundu.

Akauliza kitu kimoja. "Wewe ulimsalimia?"

"Hapana, baba."

Akanishika mkono, tukatoka.

Bibi alipasuliwa Alhamisi. Leo naandika haya namwona kwa mbali anakwenda kisimani, ana fimbo, lakini anaitumia zaidi kuwachapa mbuzi. Kila nikimwona akipita natamani kuvua kofia. Namshukuru yule daktari, namshukuru dada wa dirishani, namshukuru fundi aliyetengeneza kitochi akaweka kitufe chekundu kuwa kikubwa. Na Mzee, bila kuombwa, alinipa mtamba mmoja wa ng'ombe nianze upya. Mtamba huyo sasa ana mimba.

Siku alipomleta kwangu nilipiga magoti. Nikamwambia, "Baba, nitakushukuru vipi? Umeokoa nyumba yako, na yangu umeifunika aibu."

"Inuka," akasema. "Usinishukuru mimi, mshukuru yule mwizi. Alikuwa na adabu kukuzidi wewe. Yeye alinisalimia mara tatu na nusu."

Ukimaliza kusoma, mtumie mama yako, baba yako, shangazi mwenye pensheni, na hasa yule ndugu yenu anayejiona mjanja wa simu. Huyo mtumie kwanza.

Funzo: Namba za kadi yako na namba ya ujumbe hazitajwi kwa mtu yeyote kwenye simu, hata akijiita benki, mwenye jambo la haki hatakimbizwa na salamu, na mjanja mwenye haraka huliwa kabla ya mzee mwenye maswali.