Hina ya Bibi Marijani

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, lakini si kale sana, maana vioo vilikuwa vishapatikana, palikuwa na sanduku la kioo sebuleni kwa watu, limejaa maji ya bahari. Ndani yake mji mzima: mawe, mchanga, samaki. Nyie mnawaona wanazunguka tu, mnadhani hawana mambo yao. Haya.

Mkubwa wa mji ule alikuwa Chewa. Tumbo kubwa, kinywa kikubwa, na akili... basi, tuseme tumbo kubwa.

Mlangoni alikaa mwanamke mmoja, Uduvi, mdogo kama kipande cha uzi. Kazi yake kuwakogesha wageni. Anayekuja kuhamia hapo, koga kwanza kwenye ndoo, ndipo uingie. Ndiyo ilikuwa desturi.

Siku hiyo Chewa kaleta mke, Bibi Marijani, na gauni lake la marinda tele.

"Bibi harusi apite huku akoge," Uduvi akasema.

"Akoge?" Chewa akacheka, boh-boh-boh! "Mke wa Chewa akogeshwe kama sufuria? Hebu nipishe, kidudu wee!"

Bibi Marijani akapita vivyo hivyo. Msafi kweli kweli! Kumbe ndani ya marinda kuna vinyoo bapa, vyembamba kama ganda la kitunguu, rangi ya kutu.

Vikazaana. Vikazaana tena. Vikamfunika mwili mzima, mwanga haupenyi. Na marijani bila mwanga, watoto wangu, haishi.

"Somo yangu," akamnong'oneza Uduvi, maana ndiye aliyekuwa somo wake wa harusi, wa kumfunda mambo ya unyumba, "mwenzio nakufa. Jua silioni."

Uduvi huyo, chwii! mpaka kwa Chewa.

"Bwana harusi! Mkeo analiwa na minyoo!"

Chewa akajikuna shavu. Akikubali, watu watauliza minyoo kaileta nani.

"Minyoo wapi? Ile hina. Bibi harusi kapambwa."

"Hina gani inatembea, bwana?"

"Hina ya kisasa."

Jirani yao Kaa akasikia, akaja na magando yake juu. "Niachieni mimi!" Akakibana kinyoo kimoja, kacha! Kikamwaga maji machungu, Kaa akaanguka chali, miguu juu, kutwa nzima. Shujaa wetu huyo.

Hapo Uduvi akaelewa. Vikiuliwa vyote humo ndani, sumu itamaliza mji. Vitolewe vizima. Na kinywa cha kuvifyonza anacho mmoja tu. Lakini umwambie Chewa afanye usafi? Thubutu!

Fungate ilipokwisha, Uduvi akamwendea, kainamisha kichwa.

"Bwana harusi, nisamehe. Kumbe ni hina kweli. Macho yangu haya!"

"Nilikwambia."

"Sasa fungate imekwisha. Desturi ya hina unaijua, mtu wa ukoo mkubwa, sina la kukufundisha."

Chewa akatunisha tumbo. "Ah, naijua, naijua sana. Lakini, hebu itaje, hawa wengine nao wasikie."

"Bwana harusi anaifyonza hina ya mkewe kwa kinywa chake mwenyewe. Hatafuni, hamezi. Anaitema pale kwenye tundu linalovuta maji machafu kwenda nje, mji mzima unatazama. Asiyeweza, watu wanasema..."

"Wanasema nini?"

"Mimi ni somo, bwana. Sisemi maneno hayo mbele za watu."

Chewa angefanyaje? Akisema si hina, basi ni minyoo, na aliyeileta ni yeye.

"Niitieni watu!" akanguruma.

Fyoooonz! Ptuu! Tundu likavuta, goro-goro-goro, vinyoo vikaenda zao.

"Lululululuuu!" Uduvi akapiga kigelegele. "Dume hilo! Jamani, mmeona kinywa?"

Looo! Kusikia hivyo, Chewa akapandwa na kichaa. Fyoooonz! Ptuu! Akafyonza mgongoni, akafyonza kwenye marinda, akafyonza mpaka mawe ya majirani, wala hakuna aliyemwomba.

Bibi Marijani akavuta pumzi. Taratibu akakunjua gauni lake, mwanga ukamwingia mpaka ndani.

Chewa naye midomo imevimba, kinywa kichungu kama shubiri.

"Nani mwingine anaweza hivi?" akauliza, ulimi mzito.

"Hakuna, bwana. Ila hina hii ina mayai... ina mbegu, nataka kusema. Huchipua tena. Kila mwezi ukiandama, wanaume wa kweli hurudia."

"Nitarudia! Na vigelegele viongezwe!"

Vikaongezwa. Mbona visiongezwe, vinagharimu nini?

Basi, wajukuu zangu: anayeona haya kukiri uchafu aliouleta, ataufagia mwenyewe na bado atadhani anapewa heshima.