Vidonge Ndani ya Kibuyu

Bibi Eufrazia wa Matombo alikuwa na mkono wa akiba. Maharage yake ya mbegu aliyachanganya na majivu, akayatia kibuyuni na kukitundika juu ya mafiga ili moshi ufukuze wadudu. Msimu ulipofika, majirani ambao mbegu zao zilitobolewa walipanda mlima kwenda kumwomba yeye. Mtu akimwambia kuna kitu duniani kisichofaa kuwekwa akiba, alimcheka.

Lakini akiba ya watu hakuwa nayo. Mume alikuwa kaburini, watoto hawakujaliwa, na jirani wa karibu aliishi ng'ambo ya bonde. Jioni aliongea na kuku, na kuku walipolala yeye bado aliongea. Ndugu pekee aliyembakia ni mdogo wake, Prisca, ambaye figo zilimsumbua na ambaye alihamia Mazimbu kwa bintiye. Hawakuonana kwa miaka mingi. Kila Jumapili baada ya misa, Prisca alipiga simu.

"Dada, njoo tuonane. Mimi siwezi tena kupanda huko."

"Nakuja, mdogo wangu. Acha kwanza mvua zikatike."

Mvua zikakatika. Ikawa acha avune. Alipovuna, ikawa acha magoti yapoe. Hapo hakusema uongo, maana magoti yalimuuma kweli, na barabara iko chini kabisa, mwisho wa mteremko mkali. Ila moyoni aliona haya pia. Utotoni yeye ndiye aliyembeba Prisca mgongoni. Hakutaka amwone akichechemea.

Godlisten, tabibu kijana wa zahanati, alimpa vidonge vya magoti.

"Anza leo, bibi. Kimoja kwa siku, baada ya kula. Vikikupa nafuu, utashuka mwenyewe hadi barabarani."

"Ahsante, mjukuu wangu."

Hakuanza. Njiani alijishauri kwamba dawa nzuri namna ile haimalizwi kwa kuzungukia migomba ya nyumbani. Itangoja siku ya safari. Alipofika alivitoa vidonge kwenye karatasi zake za kung'aa, akavifukia katika majivu ndani ya kibuyu kitupu, akakitundika juu ya mafiga. Huko vilikaa masika nzima na kipupwe, vikipigwa na moto wa jiko na mvuke wa vyungu. Ukungu wa Uluguru nao, ambao haubishi hodi, uliingia upendavyo.

Kisha simu ikalia katikati ya juma. Prisca alikuwa akitafuta pumzi.

"Dada, sasa usingoje kitu tena."

Eufrazia alishusha kibuyu siku hiyohiyo. Vidonge vilikuwa vimefifia rangi na ngozi yake imefanya nyufa nyembamba, lakini tarehe ya kuisha muda, iliyoandikwa kwenye boksi lake, ilikuwa haijapita. Akavipangusa majivu, akawa anameza kimoja kwa siku kama alivyoelekezwa. Magoti yalilegea kidogo. Tumbo likawaka moto. Alijikaza kisabuni, akafunga furushi la ndizi za mdogo wake. Jumamosi asubuhi, katikati ya mteremko, alitapika damu akaanguka. Wanaume waliokuwa wakishusha mikungu ya ndizi walimbeba hadi zahanati.

Godlisten alikigeuzageuza kidonge kimoja alichokikuta kwenye furushi lake.

"Bibi, ulivitoa kwenye pakiti yake?"

"Nilivihifadhi vizuri kabisa, mjukuu wangu. Kwenye majivu, juu ya moto. Na tarehe yake bado."

"Tarehe ile ni ya kidonge kilichotunzwa ndani ya pakiti, mahali pakavu. Hiki kimevikwa utando wa polima, kama plastiki nyembamba mno, ili kipite tumboni kikiwa kizima, kikayeyukie kwenye utumbo. Utando nao huzeeka. Joto na unyevu viliuzeesha kabla ya wakati wake, ukapasuka, dawa ikamwagikia tumboni na kulichoma."

"Mbona maharage hayaharibiki?"

"Maharage ni maharage, bibi. Dawa nilikupa uimeze."

Simu ya Eufrazia ikalia, na aliyepiga ni binti wa Prisca.

"Mama mkubwa," alisema, kisha akalia kwanza ndipo akaweza kuendelea. "Mama ametutoka alfajiri. Kila mlango ulipofunguka alikuwa anauliza, dada amefika?"

Prisca alizikwa Eufrazia akiwa bado kitandani. Bibi huyo aliugeukia ukuta wa zahanati, akalia bila sauti. Safari hii hapakuwa na hata kuku wa kumsikiliza.

Siku ya kuruhusiwa, Godlisten alimletea dawa nyingine, ya kupaka, akamsihi aanze palepale.

"Nianze, mjukuu wangu?" Eufrazia aliuliza. "Magoti yakipona, yanipeleke kwa nani?"

Tabibu alimwekea dawa hiyo mkononi. Waliotangulia hawakukosea waliposema: ngoja ngoja huumiza matumbo.