Mwenye Gari la Kijivu

Wapendwa, kabla sijaendelea, nawaomba mnisikilize habari za diwani mmoja. Jina lake silitaji, na mji wake siutaji. Ni mfano, msianze kugeuka kuangalia nani kakaa wapi.

Katika mji ule kulikuwa na jengo la maduka, la ghorofa, mali ya mtu binafsi. Chini kuna supamaketi, duka la keki, duka la magodoro. Juu kuna saluni na mafundi cherehani. Ubavuni mwa jengo, kati ya ukuta wa maduka na ukuta wa uzio, palikuwa na njia iliyoachwa wazi. Waliojenga waliiacha kwa ajili ya gari la zimamoto. Lakini nyinyi mnajijua, na mimi najijua. Watu wakiona nafasi wazi karibu na mlango wa duka, wanafanyaje? Wanapaki. Kila mmoja anasema anaingia mara moja anatoka.

Mkuu wa zimamoto akaenda kulalamika halmashauri. Baraza la madiwani likakaa. Mjadala ukawa mkali, maana mwenye jengo alikuwa na marafiki mle ndani. Mmoja wao akasimama, akasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, kile kiwanja kina hati. Ni cha mtu. Leo tukimpangia magari uani kwake, kesho tutaingia chumbani kumpangia vitanda!" Watu wakacheka, wakagonga meza.

Ndipo akasimama huyu diwani ninayewaambia. Alikuwa mtu mzima, mzee wa kanisa, mtu wa kusema pole pole. Akasubiri kicheko kiishe. Akasema, "Moto ukiwaka, hautauliza hati. Yule anayeziba njia ile kwa gari lake anamkalia kifuani mtu aliye ghorofani, hata kama hamjui. Na sisi tukinyamaza hapa kwa sababu ya urafiki, tumekaa naye kwenye hicho kifua."

Walipopiga kura, hoja yake ikapita. Mistari myekundu ikachorwa chini, vibao vikawekwa, na ikaamriwa kwamba atakayepaki pale atozwe faini, hata kiwanja kiwe cha nani. Mji mzima ukamsifu. Wanawake wa sokoni walimwita kwa mbali kumsalimia. Hata mkuu wa zimamoto alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

Nataka mlishike hili: aliyoyasema yalikuwa kweli. Hakuwa mnafiki siku ile. Aliyaamini kwa moyo wote.

Sasa, ikafika Jumamosi moja, binti yake anajiandaa kwa kipaimara. Nyumbani wageni wamejaa, mama mtu anahangaika jikoni, keki haijachukuliwa. Gari la diwani lilikuwa gereji, kwa hiyo akaazima la shemeji yake, la kijivu, ambalo pale mjini hakuna aliyelijua. Akafika kwenye maduka. Mvua inanyesha. Uwanja wa magari umejaa mpaka getini. Akazunguka, akazunguka tena. Simu inaita, mkewe anauliza, "Baba, umefika wapi? Watu wameshakaa." Na pale mbele yake, karibu kabisa na mlango wa duka la keki, pako wazi.

Alipaki wapi?

Mmejibu wenyewe. Akaiona mistari myekundu, akajisemea kwamba mvua hii, na shughuli yenyewe ya kanisa, na anaingia mara moja anatoka. Akafunga gari, akaingia.

Duka la keki lilikuwa na foleni. Akiwa bado anasubiri, akasikia watu wanapiga kelele nje. Duka la magodoro lilikuwa limeshika moto. Moshi wa magodoro, wapendwa, si moshi wa kuni; ni mweusi na mzito, unaziba koo. Nao ulipanda moja kwa moja kwenye ngazi, na ngazi ilikuwa hiyo hiyo moja. Wa chini wote wakatoka. Wa juu wakawahi kushuka, isipokuwa fundi mmoja wa kike, Subilaga, aliyekuwa chumba cha mwisho akishona. Cherehani inanguruma, redio inaimba, hakusikia kitu mpaka moshi ulipopita chini ya mlango. Akakimbilia dirishani. Dirisha lile lilikuwa upande wa ile njia, na lilikuwa na nondo.

Zimamoto hawakuchelewa. Hilo tuwape haki yao. Walifika wakiwa na ngazi na vifaa vya kukatia nondo, wakakata kona kuingia kwenye njia, wakakutana na gari la kijivu.

Askari akashuka na kipaza sauti. "Gari hili la nani? Mwenyewe yuko wapi? Alitoe haraka, kuna mtu juu!"

Diwani alikuwa amesimama katikati ya watu, amelowa, ufunguo umo mfukoni mwa suruali. Mguu wake ulianza kwenda. Nawaambieni, ulianza kwenda. Lakini mwanamume mmoja aliyekuwa kando yake akamtambua, akamshika bega, akapaza sauti: "Mheshimiwa, unaona? Si ndiyo uliyosema barazani? Aliyeliacha hili gari hapa ni mwuaji!"

Watu wakageuka. Wote wakamtazama diwani wao kwa heshima, wakingoja aseme neno.

Angeweza kusema, "Ni langu." Ni maneno mawili tu. Badala yake akasema, "Kweli kabisa. Watu wengine hawana utu."

Akishasema hivyo, arudi vipi? Kila nukta iliyopita iliufanya mguu wake kuwa mzito zaidi. Juu pale, mikono ya Subilaga imetoka kwenye nondo, inapunga. Anakohoa, anaita. Askari wengine walikuwa wakivuta mipira ya maji kwa miguu kutoka barabarani, lakini ngazi ile nzito isingeweza kubebwa vile. Askari mmoja akavunja kioo cha gari, akajaribu kulitoa kwenye gia. Halikukubali bila ufunguo, na magurudumu yamejifunga. Ndipo akapiga kelele, "Wanaume, njooni! Tuliinue tulisogeze!"

Wanaume wakaja. Na diwani akaja pia.

Wapendwa, tumwangalieni hapo. Mzee wa watu na suti yake ya kipaimara, amekunja mikono ya shati, ameinama nyuma ya gari pamoja na vijana wa bodaboda, anasukuma. Anasukuma kwa nguvu zake zote, anatoka jasho kwenye mvua. Na watu wanasema, "Tazama, mheshimiwa mwenyewe anasukuma! Huyu ndiye kiongozi!" Anayasikia. Anazidi kusukuma. Ufunguo wa gari lile uko mfukoni mwake.

Mara gari likalia, pii, pii. Taa zake zote zikawaka na kuzima, na kufuli za milango zikafunguka kwa pamoja.

Paja lake lilikuwa limebana kitufe cha ufunguo.

Waliokuwa wakisukuma wakaacha. Kijana wa bodaboda aliyekuwa bega kwa bega naye akajiinua taratibu, akamtazama usoni, kisha akatazama mfuko wake. Akasema kwa sauti ya chini tu, "Mzee... ni lako?"

Diwani aliingia kwenye gari juu ya vioo vilivyovunjika, akawasha, akalitoa mpaka uwanjani. Ilichukua muda mfupi sana. Hilo ndilo lililowauma watu kuliko yote, kuona jinsi lilivyokuwa jambo dogo.

Ngazi ikapita, nondo zikakatwa. Subilaga alikuwa ameshaanguka sakafuni. Walimtoa akiwa hai, lakini moshi ulikuwa umemharibu mapafu. Mpaka leo akipanda kilima kidogo anakaa njiani, na kazi ya kushona ameiacha, maana vumbi la vitambaa linambana kifua.

Diwani akakaa ndani. Kipaimara hakwenda. Simu zikaita mpaka zikachoka. Halafu siku moja akavaa, akaenda hospitali peke yake, akavuta kiti kando ya kitanda. Subilaga alikuwa bado hajaambiwa kitu. Alipomwona akatabasamu, akataka kujiinua.

"Shikamoo, mheshimiwa," akasema kwa pumzi fupi fupi. "Nilikuona siku ile. Kutoka dirishani. Nikasema, kama mheshimiwa mwenyewe yupo, basi watanitoa. Nikatulia."

Diwani akafunika uso kwa mikono. Alipoweza kusema, akasema, "Dada, lile gari nililipaki mimi. Na ufunguo nilikuwa nao. Wakati wote."

Tabasamu la Subilaga likaondoka taratibu. Akauliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kweli kuelewa, "Uliponiona pale juu, ulikuwa unafikiria nini?"

"Nilikuwa nafikiria watu," akasema. "Watu watanionaje."

"Watu," akasema Subilaga. "Na mimi sikuwa mtu?"

Akageukia ukutani. Diwani alibaki pale kitini mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha.

Wapendwa, mimi sina cha kuongeza kwenye swali la huyo dada. Nina cha kutuuliza sisi.

Tunapenda sana kusema makosa ya diwani huyu yalikuwa kupaki. Ndiyo, alikosa. Lakini kosa la kupaki lingeisha kwa kuomba radhi na kulipa faini. Kilichomharibu Subilaga mapafu ni muda ule mtu mwema alioutumia kulinda sifa ya kuwa mtu mwema. Aliona aibu, na aibu ile ikamfungia mguu. Aibu ilipaswa kumsukuma mbele, kwenye macho ya watu, aseme langu hili, nipisheni. Yeye akaificha, na kwa kuificha akajifanya msaidizi.

Ni wangapi kati yetu tunasukuma namna hiyo? Umemkosea ndugu yako, naye anateseka, wewe unakwenda kumwombea. Umevunja nyumba ya mtu kwa maneno yako, kisha unakuwa wa kwanza kupeleka pole. Tunatoka jasho kweli. Na watu wanatusifu. Na Mungu anatuona.

Lakini na wale waliosimama pale kwenye mvua, hawana neno la kusikia? Walimwita mwenye gari mwuaji kabla hawajamjua. Nani angetoka mbele ya midomo kama ile? Sisi hapa kanisani, mtu akisimama leo aseme, "Nimekosa," tutampisha apite, au tutakwenda nyumbani tukimsema mpaka Jumapili ijayo?

Kwaya, naomba msiimbe kwanza. Milango ya nyuma iko wazi. Kama kuna mtu unayejua unapaswa kumwendea, usingoje baraka ya mwisho. Inuka sasa, nenda. Na sisi tutakaobaki tutatazama mbele huku madhabahuni. Hakuna atakayegeuka kuona ni nani aliyetoka.